Mapengo Matatu kwenye Mfuniko wa Tangi

Mjomba aliponikabidhi funguo za pikapu yake alisema neno moja ambalo sikulitilia maanani: "Mjomba, gari halina tatizo, ila usilijaze mafuta. Halipendi kujazwa." Sisi wawili huitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, na hata anapoonya huonya kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikalichukulia kuwa mazoea ya mtu aliyezoea kuweka lita chache chache. Laiti ningemuuliza siku ile ile, "Halipendi vipi?", ningeokoa miezi miwili ya kazi na vipuri vitatu ambavyo gari halikuvihitaji.

Nakieleza kisa chote, pamoja na pale nilipopotea, kwa sababu ubovu wenyewe haukuwa mkubwa. Ugumu ulikuwa kwamba ni mabovu mawili yaliyojificha nyuma ya dalili moja, na la pili lilizaliwa na dawa ya lile la kwanza.

Gari lilivyokuwa

Ni pikapu ya mwaka 1984. Injini ni ya petroli, silinda nne, inatumia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia injini, na pampu ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini ikisukumwa na kemshafti. Tangi ni la lita 52, limening'inizwa kwenye chesisi chini ya bodi ya mizigo. Ilikuwa imesimama miaka saba. Matairi yalikuwa yamepasuka kuta, betri imekufa, na panya walikuwa wamejenga ndani ya kasha la chujio la hewa.

Sehemu kubwa ya matengenezo ilikwenda kama inavyokwenda kwa gari lolote lililosimama muda mrefu, nami sitakaa sana hapo. Kabla ya kupiga stata nilifungua plagi, nikatia oili kidogo kwenye kila silinda, nikaizungusha injini kwa spana kupitia puli ya krenki ili nijue haijakamata. Nilibadilisha oili, maji ya rejeta, mikanda na mipira yote. Chesisi niliigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma nikisikiliza: chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti butu. Mahali pabovu palikuwa pamoja tu, bamba la kushikia springi ya nyuma upande wa kushoto, na fundi wa kuchomelea alilikata akaweka jipya.

Breki nilizitengeneza kabla ya kuigusa injini, na nikianza upya leo nitafuata utaratibu huo huo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 140. Haya niliyoyakuta yalikuwa meusi, na silinda za magurudumu ya nyuma zilikuwa zimeganda kabisa. Nilizibadilisha pamoja na mipira ya breki, kisha tukatoa upepo tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akikanyaga pedeli, na alikuwa makini kuliko mimi.

Kisha nikafika kwenye tangi, na hapa ndipo kisa kilipoanza bila mimi kujua. Nilimwaga petroli ya zamani, iliyokuwa na harufu ya vanishi. Nikamulika tochi kupitia mdomo wa kujazia. Bomba la mdomo ule limepinda, kwa hiyo unachokiona ni kipande cha sakafu ya tangi tu. Sakafu ilikuwa inang'aa. Nikaridhika.

Mfuniko wake nao niliuangalia. Ndani yake kulikuwa na raba ya kuzibia, duara jeusi lililokauka kwa uzee, na kwenye ukingo wake mapengo matatu. Kila pengo lilikuwa na upana wa njiti ya kiberiti, kingo zake zimenyooka, na umbali kutoka moja hadi jingine ulikuwa sawa. Raba iliyochakaa haipasuki hivyo. Hupasuka ovyo, mahali ilipobanwa zaidi, nyufa nyembamba zinazofuatana. Mapengo haya yalikuwa yamepimwa na kukatwa kwa kisu na mtu aliyejua anachofanya. Niliyaona kwa macho yangu, nikasema moyoni kwamba raba imekwisha, nikanunua mfuniko mpya unaoziba barabara. Ule wa zamani niliutupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Kuzimika

Injini iliwaka vizuri. Nyumbani niliiacha ingurume dakika arobaini huku mafuta yakiwa machache tangini, na haikukohoa. Siku ya kulitoa barabarani kwa mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kituoni nikajaza hadi shingoni. Nilikuwa na furaha, na nilitaka gari liwe na kila kitu.

Baada ya kama robo saa nguvu zilianza kupungua. Ukikanyaga eksileta gari linavuta kidogo, linasita, linaruka kama linalosukumwa na kuachiwa, kisha injini ikazimika. Stata ilikuwa inazungusha kwa nguvu, lakini haikuwaka. Nilifungua boneti nikasimama. Baada ya nusu saa nikajaribu tena, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, ikaenda dakika chache, ikazimika tena. Nilirudi nyumbani kwa vipande vya namna hiyo.

Mtu yeyote aliyewahi kushika magari ya zamani akisikia "linazimika likipata moto, linawaka likipoa" tayari ana jibu mdomoni. Nilikuwa nalo pia. Neno lenyewe, "likipata moto", ndilo lililonipoteza, kwa sababu sikuwa nimepima moto wowote. Nilichokuwa nimekiona ni muda. Gari linazimika baada ya muda fulani, na linawaka baada ya muda fulani. Joto niliongeza mwenyewe.

Vipuri vitatu

Cha kwanza kilikuwa koili, kifaa kinachokuza umeme wa betri ili plagi zitoe cheche. Sababu ni ya haki: waya ulio ndani ya koili ukipata joto ukinzani wake unaongezeka, na kama maungio yake yamechoka unaweza kukatika ukiwa wa moto na kushikana ukipoa. Dalili inafanana kabisa. Ila dalili kufanana si kipimo. Nilipaswa kuchomoa waya wa plagi mara tu gari lilipozimika, nikachomeka plagi ya akiba, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na mafuta, nikaangalia cheche. Sikufanya. Niliweka koili mpya na gari likazimika mahali pale pale.

Cha pili kilikuwa vifaa vya kukarabatia kabureta: gasketi, sindano, raba na jeti. Hapa sijuti sana, maana miaka saba ya petroli iliyokaukia ndani ilihitaji kusafishwa. Nilikuta uchafu mwekundu kidogo kwenye bakuli la kabureta, pale petroli kutoka kwenye pampu inapokusanyika kwanza: vumbi laini kama la tofali. Nililipangusa kwa kitambaa. Lilikuwa linanieleza jambo, na nililifuta.

Katikati ya hapo nikapewa ushauri kwamba petroli inachemka ndani ya pampu. Ushauri huo nao una msingi. Petroli ni mchanganyiko, na sehemu yake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi au chini yake, kwa hiyo pampu iliyobanana na injini ya moto inaweza kujaa mvuke na kushindwa kuvuta. Nikaanza kubeba chupa ya maji na kitambaa. Gari likizimika, nalowesha kitambaa, nakizungusha kwenye pampu, nasubiri, napiga stata, linawaka! Nilifanya hivyo mara nne na likawaka mara zote nne. Niliamini kabisa. Hakuna siku niliyojaribu kusubiri muda ule ule bila kitambaa. Ningejaribu, ningeona kwamba linawaka vilevile, maana kilichokuwa kinaliponya ni kusubiri.

Kwa hiyo nikanunua kipuri cha tatu, pampu mpya. Ajabu ni kwamba kulikuwa na nafuu. Badala ya robo saa, gari sasa lilikwenda dakika 18, dakika 20. Nafuu ndogo namna hii ina madhara kuliko kutopata nafuu kabisa, kwa sababu inakwambia uko karibu. Kumbe utando wa mpira wa pampu mpya ulikuwa unavuta kwa nguvu zaidi dhidi ya kizuizi kile kile.

Daftari

Nilipofika hapo niliacha kununua. Nikachukua daftari nikaliweka kwenye dashibodi, na kila safari nikaandika mambo manne: mafuta yaliyomo, dakika gari lilipozimika, ni mlima au tambarare, na nilisubiri kiasi gani. Nilitaka pia kujua jambo moja kwa hakika: linapozimika, linakosa cheche au linakosa mafuta?

Kwa kabureta swali hilo linajibiwa bila kifaa chochote. Gari lilipozimika nilitoa kifuniko cha chujio la hewa, nikachungulia kwenye koo la kabureta, na injini ikiwa imezima kabisa nikavuta kwa mkono kile kikono cha eksileta. Kabureta yenye mafuta, ukivuta hivyo, hurusha mchirizi mwembamba wa petroli ndani ya koo. Unauona wazi, unang'aa. Nilivuta mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Koo lilikuwa kavu. Bakuli lilikuwa tupu huku tangi limejaa, na koili ilikuwa imeshtakiwa bure. Kipimo hicho kilinichukua dakika moja.

Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na mistari hii. Tangi limejaa hadi shingoni: dakika 18. Limejaa tena: dakika 20. Limepungua lita mbili hivi: dakika 27. Robo tatu: dakika 58. Nusu tangi: saa moja na nusu, halikuzimika. Mlima na tambarare havikubadilisha kitu.

Niliitazama mistari ile usiku mmoja na sauti ya mjomba ikanirudia. Halipendi kujazwa. Asubuhi nikampigia.

"Shikamoo mjomba. Uliposema gari halipendi kujazwa, lilikuwa linafanyaje?"

"Marahaba, mjomba. Ukilijaza linakukatikia njiani. Ukifungua mfuniko linavuta pumzi, fyuuu, unalisikia. Halafu linawaka. Ndiyo maana nikaikata ile raba ya mfuniko. Tangu niikate halikunisumbua tena, ila kujaza niliacha."

Nikaenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Ubovu wa kwanza

Tangi la mafuta lazima lipumue. Kila lita ya petroli inayotoka, hewa ya kiasi hicho iingie, la sivyo ndani hubaki mvuto unaoshindana na pampu. Pampu za aina hii hazina nguvu kubwa. Hupeleka mafuta kwenye kabureta kwa shinikizo la paundi 3 hadi 5 tu kwa inchi ya mraba, na upande wa kuvuta ni dhaifu vilevile. Kwenye pikapu hii mfuniko umetengenezwa kuziba, na hewa huingia kupitia mrija mwembamba unaotoka juu ya tangi, ule ambao mafundi wengi huuita briza. Ukiziba mrija huo, gari linavuta petroli kutoka kwenye chupa iliyofungwa.

Na hapo ndipo hesabu ya tangi lililojaa inapoeleweka. Hata ukijaza hadi shingoni, juu hubaki nafasi ndogo ya hewa, tuseme lita 4. Gari langu linakula kama lita 5 kwa saa, kwa hiyo dakika 18 ni lita moja na nusu. Ile hewa ya lita 4 inalazimika kutanuka ijaze lita 5 na nusu, ongezeko la zaidi ya theluthi, na mvuto unakuwa mkubwa. Tangi likiwa nusu, hewa ni lita 26. Chukua lita ile ile moja na nusu, hewa inatanuka kwa asilimia 6 tu, na pampu haisikii kitu. Ukisubiri nusu saa, hewa hupenya polepole mahali fulani, mvuto unalegea, gari linawaka. Mistari ya daftari ilikuwa inasema hivyo tangu mwanzo.

Nilithibitisha kabla ya kugusa chochote. Nilijaza, nikaendesha, likazimika dakika ya 19. Nikafungua mfuniko taratibu sikio likiwa karibu. Pumzi ilivutwa ndani kwa sauti kali kama ya mtu aliyeshtuka, ikaendelea kwa sekunde kadhaa. Nilipiga stata sekunde kama kumi bakuli lijae, na injini ikawaka bila kusubiri hata dakika moja, pampu ikiwa ya moto na kitambaa kikiwa kikavu.

Briza niliifuata kutoka kwenye tangi hadi inakoishia, nyuma ya kona ya bodi ya mizigo, mahali penye kivuli. Mdomo wake ulikuwa umejaa udongo mgumu. Nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo hasa. Nilichokonoa kwa waya na kikatoka kipande kizima chenye umbo la mrija, kirefu kama kifundo cha kidole gumba, na ndani yake ganda kavu la buu la nyigu. Nikaupuliza mrija kwa upepo mdogo kuelekea nje, mfuniko wa tangi ukiwa wazi, hadi nikausikia unapita bila kukwama.

Halikuisha

Nilijaza tangi na kuendesha saa nzima. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nikafunga daftari. Siku ya tatu nikabeba kokoto, nikapanda mlima kwa gia ya pili, na karibu na kilele gari likasita, likaruka, likazimika.

Nakiri mkono ulinielekea kwenye mfuniko wa tangi kwanza. Nikaufungua: kimya. Hakuna pumzi. Nikavuta eksileta kwa mkono nikichungulia koo la kabureta: kavu. Baada ya dakika nne likawaka.

Siku hiyo ningeweza kusema kwamba uchunguzi wote ulikuwa wa makosa, na hili nadhani ni jambo ambalo huwatoa watu wengi kwenye njia sahihi. Dalili ilionekana ile ile. Lakini daftari lilionyesha kwamba sivyo. Sasa gari halikujali kiasi cha mafuta. Halikujali dakika. Lilijali mlima na mzigo, yaani wakati injini inapotaka mafuta mengi kwa mkupuo. Na lilipona kwa dakika nne, si nusu saa. Kuzimika kulikuwa kule kule, ila mazingira yake yalikuwa mengine kabisa, na mazingira ndiyo yanayotaja chanzo.

Kizuizi kinachobana mafuta yanapotakiwa mengi, kisha kinajiachia mara tu uvutaji unapokoma, huwa ni kitu kinachonyonywa na kugandamana. Nilikumbuka lile vumbi jekundu kwenye bakuli la kabureta. Nilichomoa mpira wa mafuta kwenye pampu na kupuliza kwa upepo mdogo kurudi tangini, mfuniko ukiwa wazi. Mwanzoni upepo ulikataa. Kisha nikasikia kitu kikiachia, na mapovu yakaanza kuchemka ndani ya tangi. Kwa siku mbili gari lilipanda mlima ule bila shida. Siku ya tatu likakwama tena. Sasa sikuwa na shaka: ni chujio la ndani ya tangi, na kinacholiziba kinatoka humo humo.

Ndani ya tangi

Nilishusha tangi. Nilitoa kipimo cha mafuta pamoja na bomba la kuvutia, nikaingiza tochi isiyotoa cheche na kioo kidogo. Picha ile sitaisahau. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa safi, ya kijivu kinachong'aa. Nusu ya juu ilikuwa kutu tupu, magamba mekundu yaliyojikunja kama maganda ya mti. Na kati ya hizo mbili palikuwa na mstari ulionyooka pande zote nne, kana kwamba mtu aliuchora kwa rula.

Mstari ule ulikuwa ni mazoea ya mjomba. Tangi lililosumbua likijaa alilijaza nusu. Mapengo matatu kwenye raba yaliruhusu hewa iingie, lakini kilichoingia hakikuwa hewa peke yake: na unyevu ulipita, na siku za mvua matone. Chuma kilichokuwa chini ya petroli kilihifadhiwa nayo. Chuma kilichokuwa juu kilibaki na hewa yenye unyevu, usiku ikipoa na kutona kwenye dari ya tangi, mchana ikipanda, kwa miaka ya kutumika na saba ya kusimama. Kisha nikaja mimi nikajaza hadi shingoni, nikaendesha kwenye barabara mbaya, petroli ikapigapiga kuta za juu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi na kuyabandua magamba.

Simlaumu mjomba. Alikuwa na gari linalomkatikia njiani, akalisikiliza, akagundua linakosa pumzi, na kwa kisu tu akalipa. Aliendesha miaka mingi bila kuzimikiwa. Mimi niliyekuwa na vitabu na vipimo nilianza kwa kuitupa kazi yake. Alichokosa ni hatua moja tu mbele: kuuliza kwa nini tangi halipumui kupitia mrija wake wenyewe. Dawa yake ilimaliza dalili ikauacha udongo wa nyigu mahali pake, na gharama yake ikalipwa polepole, juu ya mstari, gizani.

Kusafisha tangi ni kazi inayotakiwa kuheshimiwa. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke wa petroli huwaka hata kwenye baridi kali. Ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi ukute cheche mahali usipopatarajia. Nilifanyia nje, mbali na nyumba, hakuna simu mfukoni, hakuna kuchomelea. Kwanza niliosha kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi hadi harufu ikaisha. Kisha nikaingiza mnyororo mwembamba wenye urefu wa mita mbili hivi, maji na sabuni, nikalifunga tangi kwa mablanketi na kulitikisa upande huu na huu. Maji yaliyotoka yalikuwa kama tope la mfinyanzi. Baada ya hapo nikalijaza mchanganyiko wa asidi ya sitriki, gramu 100 kwa kila lita ya maji, nikaliacha usiku na mchana. Nikamwaga, nikasuuza kwa maji yenye magadi ili kuiua asidi iliyobaki, nikasuuza kwa maji safi, nikalikausha juani haraka iwezekanavyo. Chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu mpya kwa saa chache ukikizembea, kwa hiyo mara lilipokauka nilizungushia petroli iliyochanganywa na oili kidogo kila kona. Nililijaza maji kabla ya hapo kuangalia kama kuna tundu, na halikuvuja. Kutu ya kiasi kile huwa imetoboa, kwa hiyo nilishukuru sana.

Chujio la ndani nililibadilisha. Kati ya tangi na pampu niliongeza chujio la plastiki linaloonyesha ndani, ili nisilazimike kukisia tena. Briza niliipa mpira uliopinda kuelekea chini na kipande cha wavu laini mdomoni, nyigu wasirudi. Koili mpya niliitoa nikairudisha ya zamani, na hadi leo ndiyo inayofanya kazi.

Wiki ya kwanza chujio la plastiki lilikusanya vumbi jekundu hadi theluthi. Nikalibadilisha. La pili lilipata utando mwembamba tu. La tatu lina miezi mitano, na ukilimulika unaona petroli na karatasi yake nyeupe.

Mjomba alikuja mwishoni mwa mwezi. Alilijaza mwenyewe, hadi bomba la kituo likajikata, akaingia nyuma ya usukani bila kusema kitu. Tulipanda mlima ule tukiwa na mzigo, tukashuka, tukapanda tena. Tulizunguka karibu saa mbili. Tuliporudi hakuzima injini kwanza; aliteremka, akaenda nyuma, akainama sikio lake likiwa karibu na tangi, akafungua mfuniko.

"Limenyamaza," akasema.

Kisha akaniuliza kama ule mfuniko wa zamani bado ninao. Nilikuwa nimeuokota kwenye ndoo na kuusafisha. Aliugeuza kwenye kiganja, akapitisha ukucha kwenye mapengo yake, moja baada ya jingine, akaufungia kwenye droo ya dashibodi.